Mwaka wa Kahawa ya Mgeni

Tulimzika Ma Kokushubira kijijini Kishanda siku ya Jumamosi, mvua ikituvumilia mpaka tukamaliza kufukia, na jambo walilolizungumza watu kuliko mahubiri ya mchungaji ni kwamba msiba ule haukuwa na kahawa. Kwetu Kagera mtu akivuka kizingiti chako, hata kabla hujamuuliza habari za alikotoka, unamletea kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna. Ni kahawa iliyochemshwa pamoja na majani ya harufu, ambayo kila nyumba ina yake, kisha ikakaushwa ikiwa bado na ganda. Tunaiita akamwani. Mgeni anachukua punje mbili tatu, anatia mdomoni, ndipo maneno yanapoanza. Msiba bila kikapu hicho ni sawa na kumwita mtu kwako halafu ukamwacha asimame uani. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai upande wa wanawake, miguu imekufa ganzi, nikasikia Ma Leokadia, jirani wa marehemu tangu ujana wao, akisema bila hata kupunguza sauti, "Mchoyo mpaka kaburini." Wanawake wakacheka kile kicheko cha msibani kinachofichwa kwenye khanga. Mimi sikucheka. Nilijisikia hasira iliyonipanda mpaka kwenye masikio, kwa sababu chini ya turubai lile ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini nyumba ya Ma Kokushubira iliacha kutoa kahawa, na nilikuwa nimeahidi kutosema.

Sitasimulia nilikozaliwa wala nani alinilipia ada, hayo hayana kazi hapa. Ninataka kusimulia mwaka mmoja tu, nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nikafanya kazi katika kampuni iliyotaka kuuza kahawa ng'ambo. Ofisi yetu ilikuwa Bukoba mjini, chumba kimoja ghorofani katika nyumba ya Kihindi ya zamani, juu ya duka la vyandarua na nyavu. Chumba kilikatwa katikati kwa plaiwudi. Upande mmoja nilikaa mimi na mashine ya kuchapia, na upande wa pili alikaa mkurugenzi, na plaiwudi ile ilikuwa nyembamba kiasi kwamba nilijua hata anapokuna kichwa. Dirisha lilitazama ziwani. Asubuhi ilipanda harufu ya samaki, mchana ikapanda harufu ya ndizi za mama aliyepika uani, na mvua ilipokuja tulisogeza meza zote mbili kwa sababu bati lilivuja palepale kila mara. Nimefanya kazi katika ofisi nzuri zaidi tangu wakati ule, zenye vioo na viyoyozi, na hakuna hata moja ninayoiota.

Mkurugenzi tulimwita Ta Projestus, ingawa alikuwa bado hajaota hata unywele mmoja mweupe. Alisomea biashara Ulaya, akarudi na viatu vizuri na imani kubwa. Viatu viliharibika kwa tope la Muleba katika masika ya kwanza, imani ikabaki. Alikuwa mtu wa kupendeza, asiyejua kukaa, anayekula amesimama. Mama wa uani alituletea ebitoke na maharage ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa jani, na siku za heshima sato wa kutoka Bumbire, naye angechukua kipande cha ndizi kwa vidole, akazunguka chumba akiongea, mpaka ndizi ikapoa mkononi. Ukutani alibandika karatasi kubwa na juu yake akaandika kwa kalamu nyekundu neno MKAKATI. Chini yake, kwa miezi miwili ya mwanzo, hapakuwa na kitu.

"Adela," angeniita kupitia plaiwudi, "dunia ina njia tatu tu za kushindana sokoni. Uuze rahisi kuliko wenzako, au uuze nyingi kuliko wenzako, au uuze kitu ambacho wenzako hawana. Rahisi hatuwezi. Barabara ya kutoka kule vijijini peke yake inatumaliza. Nyingi hatuwezi. Kuna nchi wanavuna kwa mashine, na Muleba yote kwao ni bustani ya nyuma ya jikoni. Haya, sisi tuna nini?"

"Tuna kahawa," nikajibu.

"Kila mtu ana kahawa, Adela!"

Siku hizi nikifungua redio nasikia vijana wakiitwa kwenye semina za kushindana katika soko la kimataifa, na maneno ni yaleyale, kana kwamba mtu aliyahifadhi kwenye chumvi. Ninazima. Si kwamba ni maneno ya uongo. Ta Projestus hakuwa mwongo na hesabu zake hazikuwa mbaya. Alisema kahawa ya kijiji ikienda mnadani inachanganywa na ya wengine, na jina la aliyeilima linakufa njiani, na hilo lilikuwa kweli. Alisema tutafute mnunuzi mmoja tu, mdogo kama sisi, anayetaka kujua kahawa yake imetoka shamba la nani, na akampata kweli, mtu wa Ulaya mwenye maduka machache ya kahawa, aliyesoma pamoja na binamu yake. Alisema tuchague kijiji kimoja, tuchume nyekundu tupu, tuanike kwenye vichanja badala ya chini. Kila hatua ilikuwa na akili. Ndiyo maana inaniuma, kwa sababu ingekuwa upumbavu ningeshacheka nikasahau.

Kijiji alichokichagua kilikuwa Kishanda, kule Muleba, na mtu aliyemchagua huko alikuwa Ma Kokushubira. Mara ya kwanza kumwona alikuwa kibanjani kwake, ameinama chini ya migomba anakusanya majani makavu, na hakusimama tulipofika. Alitutazama kutoka kulekule chini. "Kamwaboine waitu," Ta Projestus akamwamkia kwa adabu zote, naye akaitikia, akanyoosha mgongo, akatuingiza ndani. Sakafu ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi. Kikapu kikaja, na mimi nikachukua punje zangu, na nakumbuka hadi leo kwamba kahawa yake ilikuwa na ladha ya majani fulani ambayo sikuwahi kuyakuta kwingine, chungu kwanza halafu tamu kwa mbali. Nilimwambia. Akacheka, akaniambia hiyo ni siri ya nyumba, nikitaka kuijua niolewe huko.

Alikuwa mkuu wa kikundi cha wanawake wa kahawa, na alikuwa na sauti. Akisema tuamke, wanaamka. Lakini jambo ambalo Ta Projestus alimwomba lilikuwa gumu. Kule kwetu kuna mtindo unaoitwa butura. Kahawa ikiwa bado maua mtini, mwenye shida anaiuza kwa mchuuzi kwa bei ya kutupa, kisha msimu ukifika anaichuma kwa mikono yake mwenyewe na kumpelekea mwenye mali. Kila mtu anajua ni wizi na kila mtu anafanya, kwa sababu shida haingoji maua yawe matunda. Mkakati ulitaka Kishanda yote ikatae butura mwaka ule, wanawake wavumilie njaa ya miezi ile, wachume, waanike, wahifadhi, wamngoje mnunuzi.

"Na mgeni wako asipokuja?" Ma Kokushubira akauliza.

"Atakuja, Ma."

"Sikuulizi kama atakuja. Nakuuliza asipokuja, mimi nitatembea wapi? Hawa wanawake hawatakuona wewe, wewe uko Bukoba. Wataniona mimi kila wanapokwenda kisimani."

Ta Projestus akachukua punje nyingine kikapuni. Kisha akasema, "Nakupa neno langu," na Ma Kokushubira akamtazama kwa muda mrefu, akatafuna, akasema, "Basi na mimi nitawapa langu." Kuanzia siku ile wachuuzi walirudi kutoka Kishanda mikono mitupu. Nilisikia kwamba mmoja alimtukana hadharani gulioni, naye akamjibu kwamba maua ya mtu hayauzwi. Wanawake walilirudia neno hilo mpaka likawa kama wimbo wa palizi. Miezi ile ilikuwa mikali. Wapo waliokula ndizi za kupikia bila maharage, wapo watoto waliorudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa ada, na kila aliyelia alikwenda kulia kwa Ma Kokushubira, naye akagawa kilichokuwa nyumbani kwake mpaka hakikubaki.

Ilipokaribia msimu, karatasi ya ukutani ikajaa. Ta Projestus aliingia asubuhi moja amelowa mvua, akasimama mbele ya meza yangu maji yakimtiririka, akasema, "Nimekipata kitu ambacho wenzetu hawana. Ukarimu!" Akanieleza kwamba kule ng'ambo watu wamechoka kununua vitu kutoka kwa wasiowajua. Sisi tusiwatumie sampuli ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba kama kila kampuni. Tuwatumie kahawa katika kikapu cha Kihaya chenye kifuniko, kilichosukwa na wanawake wenyewe, kimeshonwa kwa nyuzi za mgomba, ikiwa na ganda lake vilevile ilivyotoka kichanjani, waikoboe wenyewe, wajisikie wamekaribishwa nyumbani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema, akapiga meza. Niliona ni jambo zuri. Naliona zuri hata leo.

Tukaenda Kishanda. Wanawake walikusanyika uani kwa Ma Kokushubira, na Ta Projestus akasimama akasema nao kwa Kihaya, bila karatasi, na sijawahi kumsikia akiongea vizuri vile. Aliwaambia kuna mgeni mkubwa sana anawaza kuja kwao. Akawaambia hajafika bado, lakini mlango wake umeshafunguka, na kitakachomwingiza ni kikapu. "Msimtengenezee kahawa ya kuuza," akasema. "Mtengenezeeni kama mnavyomtengenezea mgeni wa heshima, yule ambaye mkimkosea mtaona haya maisha yenu yote." Wanawake wakapiga vigelegele. Ma Leokadia, wakati ule mwanamke mnene mwenye vicheko, akasema kwa mgeni huyo atatoa chungu chake kikubwa. Sisi tulicheka, tukakaa, tukala senene wa kwanza wa msimu, tukarudi mjini tumeshiba. Hakuna aliyeshtuka aliposema chungu. Ta Projestus alikuwa amekaa Ulaya mpaka kahawa kwake ikawa kile kinachosagwa na kunywewa, na mimi nilikuwa nawaza usafiri.

Vikapu vilikuja viwili. Kimoja kilikuwa cha mgeni na kingine cha ofisi, kiwekwe mezani watu wakione. Vilikuwa vizuri kupita kiasi, vimesukwa kwa nyeupe na nyeusi, vifuniko vimeshonwa kwa mishono midogo ya mkono wenye subira, na tulikubaliana kwamba kuvifungua ingekuwa dhambi. Kile cha mgeni kikaondoka na ndege. Kule Kishanda magunia yalijaa ndani ya nyumba, mpaka watu wakalala kando ya kahawa. Nataka hili lieleweke, kwa sababu ndilo lililonivunja. Kahawa ya magunia ilikuwa safi. Nyekundu tupu, imekaushwa kwenye vichanja, haijaguswa na tope wala moto. Niliyashika magunia yale kwa mikono yangu.

Simu ya mezani ililia mchana mmoja, mama wa uani akiwa anakaanga senene na harufu imejaa mpaka juu. Nilimsikia Ta Projestus akiamkia kwa Kiingereza chake cha furaha. Akanyamaza. Kisha akasema, "Imepikwa? Nani aipike? Hapana, hapana, kwetu hakuna anayepika kahawa mbichi." Akanyamaza tena. "Majani? Majani gani?" Na hapo nikasikia kiti chake kikisogea taratibu, kisha sauti ya kisu kikikata nyuzi za mgomba. Niliinuka nikazunguka plaiwudi. Alikuwa amefungua kikapu cha ofisi, simu bado sikioni, na kutoka kwenye kikapu kile ilipanda harufu niliyoijua mara moja. Ilikuwa kahawa bora kabisa ambayo Kishanda inaweza kutoa. Ilikuwa imechemshwa kwa majani ya siri ya nyumba ya Ma Kokushubira, ndani ya chungu cha Ma Leokadia, ikakaushwa kwa uangalifu, kama wanavyomtengenezea mgeni wa heshima. Walifanya sawasawa na walivyoambiwa. Ng'ambo waliikoboa, wakaikaanga, wakaisaga, wakaitema kwenye sinki.

Ta Projestus alimweleza mnunuzi. Alieleza siku ile na siku zilizofuata, kwa simu na kwa barua pepe kutoka kwenye duka la mtandao lililo karibu na stendi. Alituma sampuli ya pili kutoka kwenye magunia, katika mfuko wa plastiki wenye namba. Yule mnunuzi hakuwa mtu mbaya. Alijibu kwa upole kwamba hadithi ile imemgusa, na kwamba kwa bahati mbaya ameshajaza mahitaji yake ya mwaka kwa kahawa ya Uganda. Uganda! Ukisimama juu ya kilima fulani huko mpakani unaona migomba inaendelea tu bila kujua nchi imebadilika. Ta Projestus aliuliza kuhusu mwaka ujao, na jibu la hilo halikuja. Karatasi yake ya ukutani ilikuwa na mistari kuhusu bei, ubora, usafiri, hata rangi ya karatasi ya kufungia, na mahali popote hapakuandikwa nini kinatokea mgeni akikosa kukuelewa mara moja tu. Nimejifunza tangu pale kwamba sokoni hakuna salamu ya pili. Anayeweza kukosea ni yule mwenye kikapu kingine na kingine tena. Sisi tulikuwa na kimoja.

Ma Kokushubira alikuja mjini yeye mwenyewe, bila kuitwa. Alivaa khanga mpya na alikuwa amebeba senene waliofungwa kwenye jani la mgomba, zawadi ya Ta Projestus, kwa sababu huendi kwa mtu mikono mitupu hata kama unakwenda kumuuliza kwa nini amekuua. Nikamwekea kiti. Ta Projestus hakukaa. Akaanza kumweleza kwamba bei ya kahawa imeanguka duniani, kwamba kuna mambo makubwa yanayopangwa na watu wakubwa mbali sana, kwamba hata nchi tajiri zinalia. Aliongea kwa haraka akitazama dirishani. Ma Kokushubira hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama kikapu kilichokuwa mezani, nyuzi zimekatwa, kifuniko kimelala kando.

Alisogea akakivuta, akatia mkono, akachukua punje akatafuna. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau mpaka na mimi nifukiwe. Alikishika kikapu kwa mikono miwili akamkaribisha Ta Projestus, halafu akanikaribisha mimi, kana kwamba ile ofisi ilikuwa nyumba yake na sisi ndio tumeingia. Tukachukua. Tukatafuna wote watatu, na chini kwenye duka la nyavu mtu alikuwa anapiga msumari.

"Imeiva vizuri," akasema.

"Imeiva, Ma," Ta Projestus akajibu, na sauti yake haikuwa na kitu ndani.

"Mgeni hakutafuna?"

"Wao hawatafuni, Ma. Wanakaanga, wanasaga, wanakunywa."

Niliona jibu hilo likishuka usoni kwake hatua kwa hatua, kutoka kutojua mpaka kujua. "Mawe!" akasema polepole, kama tunavyomwita mama kwa Kihaya tukipatwa na jambo. Hakulia, afadhali angelia. Alijifuta mdomo kwa ncha ya khanga, akauliza kama kuna njia, Ta Projestus akamwambia hakuna, ameshajaribu zote. Akauliza tena, kwa namna nyingine, na jibu likawa lilelile.

"Leokadia alikesha na chungu," akasema. "Wanawake wale wote walipeana zamu kuchochea moto. Walikuwa wanaimba. Wakijua kwamba ni mikono yao iliyofukuza mgeni, hawatainuka tena." Akamgeukia Ta Projestus. "Umesema bei imeanguka?"

"Nimesema hivyo, Ma. Nisamehe."

"Usiombe msamaha. Hilohilo ndilo nitakalowaambia. Bei imeanguka, na mimi ndiye niliyewadanganya wasiuze maua. Wanichukie mimi, mimi ni mmoja." Kisha akanitazama. "Na wewe binti, unayependa majani yangu. Hutasema."

"Sitasema, Ma," nikajibu, na nilikuwa nalia mimi, si yeye.

Alichosema kingemtokea ndicho kilichotokea. Kahawa safi ya Kishanda ilikwenda kwa wachuuzi walewale waliofukuzwa, kwa bei waliyotaka wao, nao walihakikisha wanaulizia kwa sauti, mbele za watu, yuko wapi yule mama ambaye maua yake hayauzwi. Msimu uliofuata butura ilirudi, na kikundi kikafa bila hata mkutano wa kukifunga. Wanawake walimpita njiani wakiangalia migomba. Ma Leokadia, ambaye mwanawe alikosa kuendelea na shule mwaka ule, alimwambia usoni kwamba amewauza kwa wazungu, na Ma Kokushubira akamjibu, "Ni kweli, nilikosea." Ta Projestus alifunga ofisi. Siku ya mwisho alibandua karatasi ya ukutani, akaikunja vizuri, akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa upande wake ilikuwa kweli. Alihamia Dar es Salaam, na nilisikia anafundisha watu mikakati ya masoko ya nje, na kwamba anafundisha vizuri. Simlaumu. Nilichoshindwa ni kuamini tena. Nimekaa kwenye mikutano mingi tangu wakati ule, nimesikia watu wenye akili wakieleza jinsi ambavyo sisi wadogo tutaifikia dunia, na kila mara nasikia harufu ya majani yale.

Ma Kokushubira nilikuwa nikimtembelea kila nilipopita Muleba. Alinipa ndizi, alinipa maji, siku akiwa nacho alinipa samaki, lakini kikapu hakikuja tena. Mara ya kwanza nilidhani amesahau. Mara ya pili nikaelewa. Watu wengine hawakuwa na cha kuelewa, waliona tu mwanamke aliyepoteza heshima sasa amepoteza hata adabu, na sifa ya uchoyo ikamkalia mpaka watoto wakaikuta na kuirithi. Mikahawa yake aliiacha ikaota magugu. Kichaka cha yale majani ya siri, kilichokuwa nyuma ya jiko, alikikata. Niliwahi kumwambia, "Ma, miaka imepita, sasa waambie." Akanijibu kwamba Leokadia ana shinikizo la damu.

Ndivyo nilivyokuwa nimekaa chini ya lile turubai, hasira masikioni, na neno mdomoni. Marehemu alikuwa ameshafukiwa. Ahadi niliyompa nani atanidai? Nilimtazama Ma Leokadia, siku hizi amekonda, mikono imejaa mishipa, na nikawaza kwamba sentensi moja tu ingemnyamazisha, na ingemrudishia mwenzake jina lake hata kama ni udongoni. Naye, kana kwamba amenisikia, akajisogeza karibu yangu, akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake. Ndani yake mlikuwa na punje za kahawa.

"Nilijua nyumba hii haitoi, nikabeba za kwangu," akasema. "Chukua, mwanangu, wewe umetoka mbali." Nikapokea kwa mikono miwili. Akanitazama jinsi ninavyotafuna, kama wanavyotazama wapishi. Kisha akashusha sauti. "Wewe ulikuwa kule ofisini mwaka ule. Nimetaka kukuuliza siku zote. Ni kweli bei ilianguka?"

Kahawa ilikuwa mdomoni, chungu kwanza. Nyuma ya Ma Leokadia wanaume walikuwa wanapanga mawe juu ya kaburi.

"Ilianguka, Ma," nikasema.

Akatikisa kichwa mara nyingi, taratibu, na nikaona mabega yake yakishuka. "Nilijua tu," akasema. "Maana kahawa tuliyompikia yule mgeni ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri sana," nikamwambia.